Taa ya Kibarazani

Siku Bwana Wendell Pettus aliponinyima binti yake, mdomo wangu ulikuwa umejaa kuku wake wa kukaanga.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, nyumbani kwao, mashariki mwa Nashville, mji wa waimbaji. Nilikuwa nimevaa tai. Mikono yangu nilikuwa nimeisugua kwa brashi mpaka weusi wa matairi ukatoka, maana kazi yangu wakati huo ilikuwa kufunga matairi ya malori, na mwanamume anayekwenda kuposa hapeleki mikono ya gereji mezani. Nadine alikaa ng'ambo ya meza, amevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe. Kila nilipomtazama aliinamisha macho, na kila nilipoinamisha yangu nilihisi macho yake yakitua usoni mwangu.

"Unataka kumwoa Nadine," alisema baba yake, bila kuuliza.

Nilitikisa kichwa kukubali. Kuku hakuniruhusu kusema.

"Unaandika nyimbo, Delmas. Nimeambiwa."

Nikameza. "Naandika, Bwana Pettus. Ila kazi ninayo."

"Kazi unayo. Sina tatizo na matairi. Tatizo langu ni nyimbo." Aliweka uma chini. Mzee yule aliendesha basi la waimbaji tangu Nadine akiwa msichana mdogo, na alizungumza taratibu kama mtu anayepinda kona kubwa. "Kila mji ninaosimamisha basi, kuna mtunzi mlangoni. Ananinyooshea kanda ya nyimbo zake. 'Mzee, mpe bosi asikilize.' Mwingine ana viatu vilivyotoboka. Mwingine mke wake anamngoja kwenye gari na mtoto analia. Unajua kanda hizo ziko wapi? Moja imeegemeza friji ya basi isicheze barabarani. Hiyo ndiyo iliyofika mbali kuliko zote."

"Baba," alisema Nadine.

"Ngoja, binti. Watunzi wa nyimbo hawaoi mwanamke. Wanaoa gitaa, mwanamke anakuja kufua." Akanielekea tena. "Mimi si mtu mbaya. Nakupa sharti moja. Siku nitakayousikia wimbo wako kwenye redio ndani ya basi langu, ukiimbwa na mtu mwingine, siyo wewe na gitaa lako, siku hiyo njoo tuongee. Ongeza viazi."

Nikaongeza viazi. Nilimtazama Nadine, nikingoja aseme neno moja tu la kunitetea. Alikuwa anakunja kitambaa cha mkononi, anakikunjua, anakikunja tena.

Nilipoaga alinisindikiza hadi kibarazani. Mimi nilikuwa nimejaa hasira, na hasira haijui kuchagua wa kumwangukia.

"Mbona ulinyamaza?" nikamwambia. "Baba yako ananifananisha na kitu cha kuegemezea friji, na wewe unakunja kitambaa!"

"Uliniuliza?"

"Nikuulize nini?"

"Chochote, Delmas. Mmekaa pale wanaume wawili mnanijadili kama mnauziana gari. Baba anataja bei, wewe unaongeza viazi." Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilinitisha kuliko machozi. "Umeniandikia nyimbo nyingi. Nazipenda, usidhani sizipendi. Nywele zangu zimo, gauni langu limo, hata taa hii ya kibarazani imo. Hebu nitajie mmoja ambao ndani yake mimi naongea."

Nilifikiri. Nilipita wimbo baada ya wimbo kichwani kama mtu anayepapasa mifuko.

"Unaona?" alisema. "Nenda. Na usirudi mpaka uwe na swali la kuniuliza."

Akaingia ndani. Nikashuka ngazi, nikaenda kwenye gari langu bila kugeuka nyuma, maana kiburi changu ndivyo kilivyonifundisha kutembea.

Wiki zilizofuata nilifanya makosa yote ambayo mtunzi mchanga anaweza kuyafanya katika mji ule. Nilitia nyimbo sita katika kanda moja, ule mzuri nikauweka wa tano, nikidhani msikilizaji atapenda kungojeshwa utamu. Nikaanza kila wimbo kwa gitaa refu lisilo na haraka. Nikazipeleka kwa posta kwenye kampuni za nyimbo, na kanda zikarudi hazijafunguliwa, kwa sababu kampuni hizo hazigusi kanda ya mtu zisiyemjua, zisije zikashtakiwa baadaye kwamba zimeiba tuni yake. Mimi niliona dharau. Kumbe ilikuwa kawaida ya biashara.

Mwishowe nikaenda kwenye mkahawa ambao Jumatatu jioni watunzi husimama mmoja mmoja na kuimba. Niliimba "Taa ya Kibarazani", wimbo wa mwanamume anayeona taa imewashwa nyumbani kwa mpenzi wake na kujua kwamba anangojwa. Nilipomaliza, mwanamke mwenye miwani mikubwa na sigara isiyowashwa alinivuta mkono wa shati. Huyo ndiye Lorraine Vickers. Kazi yake katika kampuni moja ya nyimbo ilikuwa kupeleka tungo kwa waimbaji na kuwabembeleza wazichukue.

"Una nyimbo ngapi?" aliuliza.

"Arobaini na..."

"Sitaki arobaini. Nataka huo mmoja. Gitaa lako na sauti yako, basi. Kiitikio kifike kabla sijaishiwa hamu. Lete kesho ofisini, mkononi, siyo kwa posta."

Nikapeleka. Lorraine alikwenda na kanda ile kwa mwimbaji mmoja mkubwa, akakataa. Akaenda kwa wa pili, akakataa. Wa tatu alisikiliza hadi mwisho, akasifu tuni, akakataa pia.

"Ubaya wake nini?" nilimuuliza ofisini kwake.

"Hauna ubaya. Tatizo ni kofia zao." Lorraine alizungusha sigara yake vidoleni. "Mwimbaji anachagua wimbo kama mtu anayechagua nguo dukani, mpenzi. Anajitazama kwenye kioo. Mwanamume wa wimbo wako anaranda barabarani akichungulia taa ya mwanamke. Hawa wanaume wenye kofia kubwa hawataki kuonekana wanaranda."

Basi. Nilirudi kwenye matairi yangu. Usiku sikulala, mchana sikula. Nilipita karibu na duka la mavazi ya jukwaani alipofanya kazi Nadine, nikaona kivuli cha kichwa chake kimeinamia cherehani dirishani, nikaongeza mwendo. Sikuwa na swali.

Alhamisi moja asubuhi, simu ya gereji ikalia. Bosi wangu akaniita kwa kelele. Aliyepiga alikuwa Lorraine, na kwa mara ya kwanza nilisikia sigara yake imewashwa.

"Delmas, unamjua Glenda Rae Stroud?"

"Nani asiyemjua?"

"Yuko studio leo anamaliza santuri. Wimbo mmoja umemshinda, wameutupa, wana nafasi tupu na wapiga muziki wamekaa wanakunywa kahawa. Nimemsikilizisha wako. Tuni imemshika, Delmas! Ameniambia amepata wimbo wake, shida ni kwamba umevaa suruali."

"Maana yake?"

"Maana yake Glenda Rae ni mwanamke! Yeye ndiye mwenye nyumba, yeye ndiye mwenye taa. Geuza maneno. Uniletee saa nane, usichelewe. Saa nane na nusu watarekodi kitu kingine."

Nilikaa juu ya tairi la lori na kalamu. Nilifanya kile ambacho yeyote angefanya: palipokuwa na mwanamume nikaweka mwanamke, palipokuwa na gari nikaweka dirisha. Saa tano na nusu nikampigia Lorraine na kumwimbia kwenye simu, huku mafundi wenzangu wamezima mashine wananisikiliza.

Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Huyo si mwanamke. Huyo ni wewe umevaa gauni."

Gereji nzima ikacheka, maana sauti ya Lorraine haikuhitaji simu.

"Mwanamke huyo anangoja tu," akaendelea. "Anangoja nini? Anawaza nini? Kwa nini anawasha hiyo taa? Wewe hujui, kwa hiyo na yeye hajui. Kuna mwanamke yeyote unayemfahamu?"

"Yuko mmoja. Hataki kuniona."

"Alikwambia hivyo?"

"Alisema nisirudi mpaka..." Nikakatisha. Nilikuwa nimeshikilia swali mkononi, limeandikwa na Lorraine kana kwamba ametumwa.

Niliacha simu inaning'inia. Bosi akapiga kelele kwamba kuna lori juu ya jeki. Nikamwambia lilibaki tairi moja tu, alifunge yeye.

Duka la mavazi lilikuwa na harufu ya pasi na kahawa. Nadine alikuwa anashona vito vya kung'aa kwenye mgongo wa koti jeupe. Kifundoni mwa mkono wake alivaa kimto cha kuchomekea pini. Aliponiona nimesimama mbele yake na ovaroli yenye grisi, sindano ilisimama hewani.

"Usiguse kitu," alisema. "Koti hili ni la mtu."

"Sigusi. Nina swali."

Washonaji wenzake wawili wakapunguza mwendo wa cherehani zao. Nadine hakuwatazama. Alinitazama mimi, na wekundu ukampanda shingoni polepole.

"Uliza."

"Kila nilipokuwa naondoka kwenu, taa ya kibarazani ilikuwa inawaka mpaka nifike kwenye gari. Nimeimba kwamba uliniwashia ili nirudi. Sikukuuliza kamwe. Ulikuwa unaiwashia nini?"

Aliichoma sindano kwenye kimto. Nikaogopa kwamba nimechelewa, kwamba swali hilo lilikuwa na siku yake na siku hiyo imepita.

"Si ya kukuita," alisema kwa sauti ndogo. "Wala sikuwa nakungoja. Kibaraza chetu na barabara kuna giza katikati. Nilikuwa naiwasha ili nikuone unavyoondoka. Nasimama nyuma ya pazia. Unatembea wima, mabega hayatikisiki, kama askari. Na kila mara najiambia, leo atageuka. Akigeuka mara moja tu, nitajua."

"Utajua nini?"

"Kwamba kuondoka kunamuuma kama kunavyoniuma mimi." Hapo machozi yakamtoka, naye akayafuta kwa ghadhabu. "Hujageuka hata siku moja, Delmas Rucker! Mwaka mzima na nusu nimetazama mgongo wako. Naujua mgongo wako kuliko uso wako!"

Mshonaji mmoja akasema, "Ee Mungu wangu," akapenga kamasi kwenye kitambaa cha mteja.

Mimi nilipiga magoti pale sakafuni kati ya vipande vya nyuzi. Nilitaka kusema mambo mengi. Nilichosema ni hiki: "Nadine, rudia. Polepole. Na unisaidie, kwa sababu mimi peke yangu nitauharibu wimbo."

Alinitazama kama anayetaka kunipiga na kunikumbatia kwa mkono uleule. Kisha akavuta kiti. "Kaa. Mstari wa kwanza unaanzaje? Imba taratibu, mwenye duka asisikie."

Nikaimba tuni bila maneno. Yeye akaweka maneno. Nilipoongeza neno la kujipamba, alilikata kama uzi uliozidi. Saa saba na nusu alimwachia mwenzake lile koti, akanishika mkono, tukakimbia hadi studio na kimto cha pini bado kifundoni mwake.

Glenda Rae Stroud alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu, miguu pekupeku, viatu vimewekwa kando. Alikuwa mdogo kwa umbo kuliko nilivyomwona kwenye picha. "Haya, fundi wa matairi," alisema. "Niimbie mimi."

Nikaazima gitaa la mpiga muziki mmoja. Nikaimba:

*Taa si ya kukuita, wala si ya kukungoja,*
*Naiwasha ukitoka, nikuone mara moja;*
*Wewe waenda garini, mimi nashika pazia,*
*Geuka basi, geuka, jua nakuangalia.*

Mpiga kinanda aliweka kikombe chake chini bila mlio. Glenda Rae alitazama mikono yangu, kisha akamtazama Nadine kwa muda mrefu, jinsi wanawake wanavyotazamana wakati wanaume hawatakiwi.

"Haya hakuyaandika yeye," alisema.

"Tuni ni yake, bibi," Nadine akajibu. "Mimi nilikuwa naongea tu."

"Ulikuwa wapi ulipokuwa unaongea?"

"Pamoja naye. Dukani."

Lorraine alicheka mpaka akakohoa. "Binti, katika mji huu aliyekuwemo chumbani wimbo ukizaliwa ni mtunzi, hata kama alileta neno moja na sahani ya biskuti. Wewe umeleta wimbo mzima. Majina yataandikwaje, Delmas?"

Miezi yote ile nilikuwa nimeota jina langu chini ya wimbo, peke yake, kubwa. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi ya sahihi. Lakini pale sikusita, na mpaka leo najivunia kwamba sikusita.

"Lake litangulie," nikasema.

Nadine alinishika kidole kimoja tu, kidogo, nyuma ya gitaa ambapo watu hawaoni.

Glenda Rae alikuwa ameshateremka kitini. Alipofika kwenye mlango wa chumba cha kuimbia aligeuka. "Jambo moja kabla sijaimba, maana sitaki kuimba uongo. Huyo mwanamume aligeuka?"

Nadine alinitazama. Pembeni mwa mdomo wake tabasamu likaanza.

"Bado," alisema.

"Vizuri sana," alisema Glenda Rae. "Basi nitaimba kama bado."

Akaimba. Aliimba mara mbili, na ile ya pili ndiyo wanayoipiga mpaka leo. Nilisimama nyuma ya kioo, ovaroli yangu ina grisi, nikasikia maneno ya mpenzi wangu yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, na nikaelewa kwamba mwaka mzima na nusu nilikuwa nimependwa na sikujua hata nusu yake.

Santuri ilitoka majira ya kuchipua. Nadine hakumwambia baba yake neno. "Sharti ni lake," alisema. "Atimiziwe jinsi alivyolitaka."

Jumamosi moja basi kubwa la kahawia lilisimama mbele ya nyumba ya akina Pettus, limejaa vumbi la Kentucky. Nilikuwa nimekuja kumchukua Nadine. Mzee alifungua mlango wa basi, hakushuka.

"Ingieni," alisema. "Wote wawili."

Tukaingia. Friji ilikuwa pale, imeegemezwa na kanda ya yule mtunzi mwenye bahati mbaya. Bwana Pettus alikaa kwenye usukani, akatazama mbele kana kwamba anaendesha.

"Leo asubuhi nikiwa nje ya mji wa Bowling Green, waimbaji wangu walikuwa wanacheza karata huko nyuma, wanatukanana. Redio ikapiga wimbo wa Glenda Rae. Wakanyamaza. Mmoja akasema, 'Mzee, ongeza sauti.' Nikaongeza." Alikohoa. "Taa ya kibarazani. Pazia. Nikasema, mbona kama nakijua hicho kibaraza?"

Nadine akatoa mfukoni santuri ndogo, akampa. Mzee akavaa miwani, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Majina yalikuwa chini ya jina la wimbo, kwa herufi ndogo. Midomo yake ilitembea: N. Pettus, D. Rucker.

"Pettus yupi huyu?"

"Ni mimi, baba."

Alivua miwani. Akaivaa tena, akasoma tena. Kisha mabega ya mzee yule yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kumbe ni vyote viwili.

"Nimewafukuza watunzi mlangoni pa basi maisha yangu yote," alisema, "na kumbe mmoja nimemlea nyumbani, namlisha, namnunulia viatu! Sasa nani atakubali kuoa mtunzi wa nyimbo? Eh? Nani ana moyo huo?"

"Mimi, Bwana Pettus," nikasema. "Nina kazi. Nafunga matairi."

"Nilishasema sina tatizo na matairi." Akanipa mkono, akanibana vidole mpaka nikauma meno. Halafu akainama, akaichomoa ile kanda chini ya friji, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati. "Kesho nitaisikiliza hii," alisema. "Huenda jamaa ana kitu." Friji ikainama upande.

Tulikula kwao jioni ile. Hakuna aliyeniongezea viazi kwa nguvu; niliongeza mwenyewe. Jua lilipozama niliaga, nikashuka ngazi za kibaraza, nikaelekea kwenye gari. Nyuma yangu nikasikia swichi ikibonyezwa, na mwanga wa njano ukalala njiani mbele ya miguu yangu, na kivuli changu katikati yake, wima kama askari.

Nikasimama. Nikageuka.

Pazia lilikuwa limeshafunguliwa wazi, na Nadine hakuwepo nyuma yake. Alikuwa anashuka ngazi mbio, pekupeku.